Beti Kumi na Mbili za Kumsomea Mama

Nilipokuwa darasa la sita, miaka ya sabini, niliamua kuwa mshairi. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amesema ubeti wangu mmoja una vina safi, na mimi ukinisifu kidogo tu, kichwa kinavimba. Tangu siku hiyo hakuna karatasi iliyokuwa salama nyumbani kwetu, karibu na Kanyangi, huko Kitui. Niliandika kwenye mifuko ya unga, nikaandika nyuma ya kalenda ya kanisa kabla mwezi haujaisha. Baba alipouliza kalenda imeenda wapi, ilikuwa tayari shairi la mvua.

Nilichotaka hasa ni kitu kimoja: mama asikilize shairi langu kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakujua kusoma, na hakukaa bure hata siku moja, kwa hivyo nilimsomea akiwa kazini. Jioni alitwanga mahindi ya muthokoi, yale ya kutolewa maganda kabla ya kupikwa, nami nikasimama kando ya kinu nikisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Kila nilipofika kwenye kina, mchi ulishuka, puu! Kina kikapotea.

"Mwaitu, unasikia?" Mwaitu kwetu ni mama.

"Nasikia. Lete maji kidogo, haya mahindi yamekauka."

Nikirudi na maji, mimi nimesahau nilikuwa ubeti gani, naye amesahau kwamba kulikuwa na shairi. Nilikasirika sana. Nilimhesabu mama yangu miongoni mwa watu wasiothamini sanaa, maneno niliyokuwa nimeyasoma mahali na kuyapenda kupita kiasi.

Halafu ikaja harambee ya kuezeka kanisa letu. Kanisani hakuna kinu, nikajiambia, na mama ataketi. Nikatunga beti kumi na mbili, nikaomba nafasi, nikapewa. Mama alikuwa benchi ya pili, mikono mapajani. Nikainamisha kichwa nione karatasi vizuri, nikaanza: "Ewe Mola, Muumba wetu..."

Kwetu, mtu akisimama mbele ya waumini, akainamisha kichwa, akamtaja Mola, hayo ni maombi. Kanisa zima liliinama na kufumba macho. Na macho hayafumbuliwi mpaka Amina ije, nami katika beti zangu kumi na mbili sikuwa nimeweka Amina hata moja. Ubeti wa tatu nilikuwa nasifu mabati. Ubeti wa nne nilimtania fundi anayeogopa ngazi, na badala ya kicheko mzee mmoja akaguna, "Mponye, Bwana." Kufikia ubeti wa tano kuna aliyekuwa anakoroma. Mchungaji akaona watu wake wanateseka, akapaza sauti: "Na yote tumeomba katika jina la Yesu, Amina!" Macho yakafumbuka, kwaya ikasimama kuimba, nikabaki na beti saba mkononi.

"Umeomba vizuri," mama aliniambia njiani, "lakini umerefusha."

Nililia hadi nyumbani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mimi koleo nililitupa porini kabisa.

Nilipomaliza shule bila kazi, mama alinipa jembe, akanipeleka kwenye mwethya, kikundi cha akina mama waliochimbiana mitaro ya kuzuia udongo, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mama mmoja anaongoza wimbo, wengine wanaitikia, na majembe yanashuka pamoja kwenye kiitikio. Anayeongoza akichoka ananyamaza, na mwenye pumzi anaudaka wimbo papo hapo, kwa sababu wimbo ukifa kazi nayo inakufa.

Asubuhi moja kiongozi wetu hakuja. Wakanisukuma mbele: wewe si umesoma? Nikaanza na mistari yangu mirefu ya shuleni, majembe yote yakiwa hewani yakingoja.

"Wewe msichana," shangazi mmoja akaita kutoka nyuma, "tushushe lini? Mikono inakufa!"

Nikaukata mstari katikati. Nikaukata tena. Nikatupa maneno yote ambayo hata mimi sikujua maana yake, nikaanza kutania waume waliobaki nyumbani wakiota jua. Kufikia saa sita majembe yalikuwa yanashuka sawasawa, na shangazi yule alicheka mpaka akaketi kwenye mtaro.

Hapo ndipo nilipojifunza kazi yangu. Nikaanza kuitwa kwenye harusi, kisha kwenye sherehe za shule, na miaka ya tisini ikanikuta jukwaani katika ukumbi mmoja mjini Kitui, na maikrofoni, bila karatasi. Nilimleta mama, nikamketisha mbele.

Nilianza kuita. Watu wa mjini waliona haya, wakanyamaza. Mama peke yake akaitikia, kwa sauti ile ya shambani, mpaka ukumbi mzima ukamfuata. Mambo yakawa moto. Kabla ya ubeti wa mwisho, uliomhusu yeye, nilikuwa nimepanga kimya cha kuwatia watu hamu. Nilikuwa nimekifanyia mazoezi mbele ya kioo: nainamisha kichwa, nahesabu hadi tano.

Nilifika mbili. Mama akasimama. Ameona anayeongoza amenyamaza, akaudaka wimbo.

"Alinisomea mikono yangu ikiwa na kazi!" Ukumbi ukaitikia.

"Leo haina kazi, nimemsikia!" Ukaitikia.

"Na kama amechoka, mimi mamake niko!"

Watu walipiga miguu chini. Mimi machozi yalikuwa yananitiririka mbele ya watu wote, na sikuyaficha. Mama akaketi, akapanga mikono mapajani, akanitazama.

"Haya," akasema, "kama pumzi imerudi, malizia. Nasikiliza."

Nikafungua mdomo. Ubeti wote ulikuwa umenitoka, hata neno la kwanza.

"Mwaitu," nikasema kwenye maikrofoni, "nimesahau!"

Na wote wakaliitikia neno hilo kama wimbo, mama akiwa wa kwanza.