Misa ya Séraphine wa Simu

Shangazi yangu, tantine Séraphine M'Cirhuza, alikaa miaka kumi na nane mbele ya meza ya simu, kuunga watu kwa kamba, pale poste ya Bukavu. Wakati ule nani alijua numero? Mutu wa Nyangezi anashika simu, anasema, "Maman Séraphine, nipe Papa Adalbert." Tantine anamujibu, "Adalbert iko kwenye matanga kule Mudaka, upige kesho. Na bibi yako, amekwisha kuzaa?" Kisha anachomeka kamba ya mutu mwingine.

Lakini simu aliyongojea yeye ni ya Edouard, mutoto wake mumoja tu. Edouard alienda Kinshasa kutafuta kazi, na barua hakuandika, muvivu yule! Ila mara moja ao mbili kwa mwaka aliomba wamuunge na Bukavu, na tantine alisikia, "Maman, ni mimi." Ilimutosha.

Mwaka wa sabini na sita wakaleta machine. Directeur wa poste alifurahi sana: sasa kila mutu atazungusha numero mwenyewe, simu itajiunga yenyewe, na wanawake sita wa meza, tantine pamoja nao, warudi nyumbani. Tantine alimwambia, "Citoyen Directeur, mutoto wangu atanipata namna gani? Numero haijui. Anajua sauti yangu." Directeur alicheka. Mimi ningalimupiga kofi.

Basi alirudi nyumbani, akalima maharagi. Lakini kila siku ya posho, jumamosi, alivaa kikwembe chake cha kazi, akaenda kukaa kwenye banc ya poste.

"Kama anapiga leo?"

"Tantine, machine haiiti watu!"

"Nyamaza, Jeanine."

Kichwa nguvu kabisa! Alikonda, sauti yake ikawa ndogo, na mimi roho iliniuma kumuona.

Miaka tatu ikapita. Siku ya Mungu moja tuko kanisani, banc ya pili. Katekista Polycarpe, mutu wa kusoma bila kufikiri, akatangaza, "Misa ya leo ni ya marehemu Séraphine M'Cirhuza, wa poste. Imeombwa na mutoto wake Edouard, kwa barua toka Kinshasa."

Eh, Nyamuzinda, Mungu wetu! Kanisa nzima iligeuka kutuangalia. Polycarpe aliinua macho, akamuona tantine, ile barua ikamuanguka. Padiri mwenyewe aliiokota, akasoma: "Nilipiga Bukavu mara tatu. Machine tu inalia, sauti ya Maman hakuna. Maman hawezi kuacha ile meza akiwa muzima. Nimekwisha kufanya matanga. Mumuombee."

Wanawake walipiga yowe. Mimi nilikuwa tayari kumulaani Edouard palepale. Lakini tantine alisimama, machozi inashuka, anacheka, na ile sauti yake ya simu ilirudi, kubwa kama zamani.

"Mumesikia? Alipiga! Mara tatu! Mutoto wangu alinitafuta!"

Padiri alimuuliza afanye nini sasa na hii misa.

"Soma tu, padiri," tantine alisema. "Lakini kwanza nipe ile enveloppe ya barua, nione adresse yake."