Chai ya Saa Tisa

Mpaka leo nikimwona mwanamume mzima anaacha kazi yake katikati kwa sababu saa ya chai imefika, damu inanichemka. Chai yenyewe naipenda, tena ya maziwa na iliki. Lakini kuna chai moja ya saa tisa alasiri, mjini Guangzhou, Uchina, mwezi wa Juni, ambayo sijaisamehe na sina mpango wa kuisamehe.

Kakangu mkubwa alikuwa nahodha wa timu yetu ya kriketi. Nasema yetu kwa sababu mimi ndiye niliyeshika daftari la mikimbio, yaani alama za mchezo, kazi ambayo hakuna mwanamume aliyeitaka, maana inahitaji kukaa kitako na kunyamaza. Tulikuwa wafanyabiashara wa Mombasa na Nairobi, watu wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini humo, wa kununua na kupakia makontena. Yeye alinunua taa na swichi, mimi mashuka na mapazia. Kriketi alitoka nayo nyumbani, na hakutaka ile fupi ya jioni moja. Alitaka ya siku mbili, watu wamevaa nyeupe, kila timu inapiga mara mbili. Tuliiita Testi, jina la mechi kubwa za mataifa, ingawa Testi ya kweli ni siku tano.

Miaka sita alikaa mjini ule na hakuwahi kumaliza hata mechi moja. Zote zilikatizwa na mvua, na kila mara mimi niliandika daftarini kwamba hakuna matokeo. Kisha ukaja mwaka ambao viza zilibana, na yake ikawa inakwisha mwisho wa Juni bila kuongezwa. Tiketi ya kurudi kabisa alishaikata. Siku moja tunakula wali akaniambia:

"Mdogo wangu, sitaki kushinda. Nataka nione mechi moja yaisha. Tufungwe, basi, lakini iishe."

Mtu akikuambia hivyo, utafanya nini? Nilijiapiza kwamba mechi hiyo itakwisha, hata kama ni mimi nitakayewaamuru wanaume.

Sasa sikilizeni jinsi watu wenye akili walivyopanga tarehe. Aprili kuna maonyesho ya biashara Pazhou, hakuna anayeshika gongo la kriketi. Oktoba, mwezi wenye hewa ya kibinadamu, maonyesho tena, na miaka ile Ramadhani na Idi zilikuwa zikiangukia huko huko. Desemba na Januari kila mtu anakimbizana na viwanda kabla havijafungwa kwa mwaka mpya wa Kichina. Ikabaki Juni. Mwenyekiti wa kamati alikuwa wakala wa mizigo, na siku za mechi alizichagua kwa kuangalia meli inafunga lini kupokea makontena. Meli ikishafunga, watu wako huru, kwa hiyo tucheze. Mbinguni hakuangalia hata mara moja. Wanaume waliokua wakiambiwa dalili ya mvua ni mawingu, wakapanga kriketi kwa ratiba ya meli!

Mimi mvua ya mji ule niliijua kwa hasara. Ghala nililopakia lilikuwa Sanyuanli, na maboksi yangu ya karatasi yalilowa mara mbili kabla sijajifunza. Baada ya hapo nikawa naandika kila siku mvua imeanza saa ngapi. Juni haina siri. Asubuhi kukavu, adhuhuri joto la kumchemshia mtu ubongo, halafu kati ya saa nane unusu na saa kumi ngurumo na mafuriko. Hata mama mlinzi wa uwanja tuliokodi alianua nguo zake saa nane kila siku, jua bado linawaka, bila kuuliza mtu.

Nikaenda kwenye mkutano na karatasi yangu. Mkutano ulifanyika kwenye mkahawa mmoja wa Xiaobei, mwenyekiti ameketi chini ya feni, peke yake chini ya feni. Nikasema: msicheze siku mbili kutwa. Chezeni asubuhi nne, muanze saa kumi na mbili unusu, mfunge saa sita. Saa hazitapungua, mvua hamtaikuta.

"Auntie, hiyo sasa si kriketi," akasema mwenyekiti. "Kriketi inaanza saa nne. Kuna lunch, kuna chai saa tisa. Hatuwezi kucheza kama watu wa kujogi."

Wakacheka. Sikushangaa, mwenyekiti alikuwa mtu wa kucheka. Kilichoniuma ni kakangu, ambaye mechi ilikuwa yake, naye akatikisa kichwa kukataa. "Bila chai," akasema, "tutakuwa twafanya mazoezi tu." Ujanani alichezea timu ya makarani wa bandarini. Walipoalikwa kwenye viwanja vya wakubwa, wenyeji waliingia ndani kunywa chai kwa vikombe na visahani, makarani wakaachiwa bomba la nje. Tangu alipokuwa nahodha, timu yake haikuwahi kukosa chai, tena yenye visahani. Nililijua hilo, na hasira yangu haikupungua hata kidogo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya kwanza joto lilikuwa la kuua. Wapinzani wetu walikuwa Wahindi, wengine wa Bombay, wengine wazaliwa wa Kisumu kama nahodha wao. Mdaka mpira wao alianguka kifudifudi saa saba, tukamkokota kivulini na kummwagia maji, naye katika kuweweseka anaomba msamaha kwa kuchelewesha ovari, ile zamu ya mipira sita. Saa tisa wakaenda kunywa chai, chai ya moto, katika joto lile. Saa tisa na dakika kumi mvua ikashuka. Tukarudi Xiaobei tumelowa. Jirani yangu, mama mmoja wa Lubumbashi aliyenunua viatu, akanikuta kwenye lifti.

"Mama, ni nani anashinda?"

"Bado. Wanamaliza kesho."

"Siku mbili juu ya mpira mumoja? Ile ni mchezo ao ni kesi?"



Siku ya pili Mungu alitupenda. Wiketi zilianguka kama maembe mabovu, kila mpigaji akiingia anatolewa. Ilipofika saa tisa kasoro dakika tano, Wahindi walihitaji mikimbio kumi na tisa, nao wamebakiwa na wiketi mbili. Kakangu ndiye aliyekuwa akirusha ile mipira yake ya polepole inayojipinda. Alishawatoa wanne. Nilikuwa nimesimama, daftari kifuani. Huku nyuma, upande wa mlima Baiyun, wingu lilikuwa jeusi kama sufuria ya harusi. Mama mlinzi alishaanua nguo zote na kufunga dirisha.

Ampaya akatazama saa yake, akaviondoa vile vijiti vidogo vya juu ya nguzo, ishara ya kusimamisha mchezo. Chai.

Nikadhani nimeota. Sheria inasema ikibaki wiketi moja kwenye saa ya chai, mchezo unaendelea. Zilibaki mbili! Lakini sheria hiyo hiyo inasema manahodha wakipatana, chai inasogea. Nahodha wa Wahindi, Mungu amjaze kheri, akamfuata kakangu mwenyewe.

"Bwana, wingu lile unaliona. Sisi hatuna neno. Tuendelee, chai tutakunywa baadaye."

Mtu ambaye angeshindwa ndiye aliyesema hivyo. Nikapiga kelele kutoka mezani, "Kaka, kubali!" Hakugeuka.

"Chai ni saa tisa," akasema, akaanza kutembea kuelekea kwenye vikombe.

Alikuwa hajatia sukari tone la kwanza lilipoanguka. Dakika arobaini baadaye ule mkeka wa kurushia mpira ulikuwa unaelea. Wahindi wakapeana nasi mikono, wakaenda zao. Mwenyekiti akasema ndiyo kriketi hiyo, bwana. Nami nikafungua daftari, nikaandika kwa mara ya saba kwamba hakuna matokeo, na kalamu ikatoboa karatasi. Kwenye teksi ya kwenda uwanja wa ndege sikusema na kakangu mpaka tulipofika. Naona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka uliofuata nahodha alikuwa kijana wa Nairobi, muuza simu. Akanijia mwenyewe. "Auntie, ile plan yako ya asubuhi, si tuijaribu tu?" Walicheza asubuhi tatu, ya nne haikuhitajika. Saa tano ya siku ya tatu, kukavu kabisa, wiketi ya mwisho ya Wahindi ikaanguka. Watu wakarukiana. Mwenyekiti yule yule akasimama kutoa hotuba kwamba kamati imefanya mageuzi. Kamati!

Jioni nikapiga simu Mombasa. Kakangu akataka kila kitu, nani alitoa nani, mpira ulijipinda vipi, na mimi nikamsomea daftari ukurasa kwa ukurasa. Nilipofika mwisho akaniomba niurudie mstari wa mwisho.

"Yaani iliisha," akasema.

"Iliisha."

"Mlianza saa ngapi?"

Mwaka mzima nililisubiri swali hilo. Jibu lake nililifanyia mazoezi ghalani, jikoni, bafuni, na lilikuwa refu, lenye kila neno alilostahili.

"Saa nne, kaka, kama kawaida," nikamwambia. "Mwaka huu mvua ilichelewa tu."