Aliyesimama Mbele ya Kioo

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu alinisimamisha nyuma ya mashine ya mchezo wa kulenga shabaha, akaniuliza naona nini. Nikamwambia naona waya na vumbi. "Vizuri," akasema. "Hapo ndipo utaishi. Picha utakuwa unaisikia tu." Nilidhani ananitania. Ukumbi wetu wa michezo ulikuwa ghorofa ya kwanza hapa Eldoret, juu ya duka la vitambaa, na kelele za mashine zilianza asubuhi zikaisha jioni.

Nyinyi vijana mmezoea skrini bapa, kwa hiyo acheni niwaeleze. Kioo chetu kilikuwa chupa nene tuliyoiita tyubu. Ndani yake mwali mmoja ulichora picha mstari kwa mstari, kama mtoto anayesoma huku akifuata maneno kwa kidole. Ishara mbili ziliuongoza: moja ilisema anza mstari mpya, nyingine ilisema rudi juu uanze ukurasa mpya. Hizo mafundi tuliziita sync. Bunduki ya plastiki aliyoshika mchezaji haikutoa kitu chochote, ilikuwa jicho. Iliuona mwali ukipita, na kadi yake, ubao mdogo wa umeme ndani ya mashine, ikahesabu muda kutoka kwenye sync ili kujua mchezaji amelenga wapi. Kazi yangu ilikuwa kuchukua ishara zile zile zinazokwenda kwenye tyubu na kuzifikisha kwenye kadi ya bunduki, waya ya ground, ile ya ardhi, ikiwa imekaza sawasawa. Ikilegea, unalenga bata na risasi inatua mawinguni.

Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Aliye nyuma na bisibisi hakioni kioo, kwa hiyo lazima mwingine asimame mbele, apige, aseme risasi imetua wapi. Mwenzangu alikuwa Mama Zeinab, aliyeuza tokeni mlangoni, mama wa Kisomali mwenye shabaha ya kuwashinda vijana wote wa mji huu. Fundi Mkuu alitupa sheria moja: "Aliye mbele asimdanganye aliye nyuma. Hata kwa kumhurumia."

Tulifanya kazi hivyo miaka mingi. Tulitumwa Turbo kufunga mashine kwenye hoteli ya madereva wa malori. Tulitumwa mji wa Ziwa siku ya soko, jenereta ikawa inatikisa picha, Mama Zeinab akapaza sauti mbele ya wateja: "Fundi, hii generator yako inacheza densi! Shika hiyo waya vizuri!" Wakulima walioleta maziwa walinicheka hadi nikacheka nami. Fundi Mkuu alipostaafu nilipewa cheo chake, lakini sikuhama nyuma ya mashine.

Kisha siku moja Mama Zeinab akasema, "Fundi, inaenda left." Nikakaza ground. "Bado." Nikafungua soketi ya sync, nikasafisha, nikalehemu upya. "Bado inaenda left, si uangalie hiyo waya tena?" Nikabadilisha lenzi ya bunduki, nikamtukana aliyetengeneza kadi. Mwishowe nikatoka nyuma, nikachukua bunduki, nikapiga mwenyewe. Ikatua katikati. Nikapiga tena. Katikati.

Yeye ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hivyo si waya."

"Si waya, Mama Zeinab."

"Katikati ya kioo naona ukungu tu. Nilidhani ni picha yako imechoka."

Alikuwa na kisukari na sote tulijua, ila hakuna aliyefikiri kingemla macho kimya kimya vile. Niliumia sana. Siku ile ningetoa chochote ili kosa liwe la waya, maana waya ningeiweza.

Madaktari walijaribu, lakini nuru ya macho yake iliendelea kufifia hadi ikaisha. Tyubu nazo zikaanza kufa, spea zikakosekana, na mwenye ukumbi akaleta skrini bapa. Hizo hazichori picha kwa ule mwali, kwa hiyo bunduki zetu zote zikawa vipofu. Ukumbi ukafungwa, nami nikastaafu. Sitawaficha, inauma kujua vizuri kazi ambayo hakuna tena anayeihitaji. Mashine ya mwisho yenye tyubu nzima, mwenye ukumbi alimpa Mama Zeinab iwe kumbukumbu, nami nikaifunga nyumbani kwake, mtaa wa Kimumu.

Juzi nilikwenda kumjulia hali. Binti yake, Zeinab, alinidaka mlangoni, akaninong'oneza, "Mzee, tafadhali, akikuuliza sema tu amepata. Sisi hapa huwa tunamwambia hivyo. Anafurahi."

Ndani, Mama Zeinab aliniomba niwashe mashine. Tyubu ikavuma. Akapapasa bunduki, akasimama pale pale alipozoea kusimama, akapiga.

"Fundi, imepata?"

Zeinab akanikazia macho.

"Imepita left, Mama Zeinab. Mbali sana."

Akaishusha bunduki. "Kwa hii nyumba napata kila siku," akasema. "Nilijua tu wananihurumia." Machozi yalimtoka, lakini akainua bunduki tena. "Haya, nieleze."

"Right kidogo. Chini. Hapo hapo."

Tulipiga mpaka chai ikapoa. Nyingi zilipotea, na kila moja nilimwambia ilikopotelea.