Droni Juu ya Kibanja Changu

Mtoto wa dada yangu aliniapia kwamba hakuna atakayenitambua. Anatengeneza video za mtandaoni kule Kayanga, za kuwaeleza watu haki zao, na safari hii alitaka kuzungumzia uhuru wa kutoa maoni. Alinifuata huku Kamuli baada ya kusikia yaliyonikuta kwenye mkutano wa kijiji. Nilikuwa nimeuliza pampu ya kisima itatengenezwa lini, mwenyekiti akanijibu kwamba mambo hayo si ya wajane. Wajane! Kwani mjane hanywi maji?

Basi nikaongea nimeipa kamera mgongo. Sauti yangu akaibadilisha, ikawa nzito kama ya fahali, tukacheka mpaka machozi. Kisha akatoa droni kwenye begi.

"Mama mkubwa, bila picha za juu watu wanapita tu, hawaangalii."

Kidude kikapaa, kuku wakakimbilia migombani. Aliponionyesha picha zake nilifurahi kweli, maana sikuwahi kukiona kibanja changu kutoka juu: migomba imefungamana, kahawa imeanikwa uani, na kaburi la mume wangu kando ya nyumba na vigae vyake vya buluu.

Huku kwetu tunazikana kibanjani. Na kaburi la vigae vya buluu, Kamuli nzima, ni hilo moja. Shemeji zangu walivifuata Bukoba wenyewe. Tumeficha uso, tumeficha sauti, halafu tukamwanika marehemu mbele ya ulimwengu. Jamani!

Video ikasambaa. Haikufika Jumapili, shemeji zangu wawili wakaja. Niliwapa kahawa ya kutafuna, kama mgeni anavyopewa. Yule mkubwa hakuigusa. Hapo nikajua.

"Shemeji," akasema, "mwenyekiti ametuita. Kibanja hiki ni cha ukoo, tumekuachia kwa heshima ya marehemu. Ukitaka kuzeekea hapa, funga mdomo."

Nilikasirika kweli. Migomba hii nimeipalilia mimi, kahawa hii nimeichuma mimi, mgongo umepinda hapa hapa! Lakini niende wapi? Nirudi kwa kaka zangu Mabira na mvi hizi? Nikawasindikiza mpaka njiani.

Mtoto wa dada hupiga simu kunisomea wanayoandika watu chini ya video. Mama jasiri. Mama asiyeogopa. Namwambia vizuri, mwanangu, halafu nakata simu nalia.

Wiki iliyopita tuliitwa tena mkutanoni. Mwenyekiti alipomaliza kusema alinitafuta kwa macho katikati ya watu, akatabasamu.

"Mama, leo tunakusikiliza. Una swali?"

Watu wote wakageuka. Asubuhi ile nilikuwa nimechota maji bondeni, mabega yalikuwa bado yananiuma. Nikasema sina. Shemeji yangu mkubwa ndiye aliyeanza kupiga makofi.