Mbao Zilizokunywa Damu

Juzi nilipigiwa simu kutoka Bariadi kwamba yule mzee mwenye pikapu ya mbao amefariki. Presha, wanasema, akiwa kitandani kwake, mkewe akimpepea. Nilicheka kwanza, Mungu anisamehe, ndipo nikalia. Mtu ambaye kijiji kizima kilijaribu kumuua kwa fimbo, mawe na mpini wa jembe, amekuja kuondoka taratibu kama anayeaga jirani. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba kidole changu kimoja hakikunjiki, na sijapata kuwaeleza kisa chake. Leo nakieleza, maana niliyekuwa naye siku ile hayupo tena, na waliotufanyia vile wangependa kisahaulike.

Ilikuwa miaka ya ruksa, ushirika ulipopokonywa pamba na kila mwenye mzani akajiita mnunuzi. Mimi nilikuwa karani wa kupima pamba wa kampuni moja binafsi. Yeye alikuwa na pikapu mtumba iliyotoka ng'ambo, nasi tuliikodi msimu mzima. Wakati huo hakuwa mzee kwa umri bali kwa ubishi. Bodi ya gari ilikuja bati tupu, akaitandika mbao za mninga, nene, zisizopigwa randa. Madereva wenzake walimcheka kwamba amechonga kitanda. "Leo nabeba pamba, kesho nabeba ng'ombe," aliwajibu. "Ng'ombe akiteleza anavunjika mguu, akivunjika mguu ni nyama. Mbao inashika kwato." Alikuwa na huruma kwa kila chenye miguu minne. Wenye miwili aliwatukana kwanza, kisha akawabeba bure.

Mmoja wa aliowabeba bure ni mama wa kijiji kilicho njiani kwenda Ngulyati, aliyeshikwa na uchungu mtoto akiwa amekaa vibaya. Tulimlaza kwenye bodi juu ya magunia matupu, akavuja damu mpaka hospitali. Alipona, na mtoto akapona. Mzee alisugua bodi kwa sabuni na mchanga hadi mikono ikamchubuka, lakini mbao zilikuwa zimeshakunywa. Likabaki doa jeusi lenye umbo la mtu aliyelala.

Baadaye kidogo, msimu ule ule, tulirudi njia ile kuchukua pamba. Hatukujua kwamba ng'ombe walikuwa wameibiwa pale. Zamani hata wizi wa ng'ombe Usukumani ulikuwa na utaratibu wake: sungusungu walifuata kwato hatua kwa hatua mpaka zizini kwa mwizi. Safari hii kwato zilifika barabarani zikakoma, zikaanza alama za matairi. Enzi za ushirika, lori likipita watoto walimtaja dereva wake kwa jina. Sasa magari yalikuwa yanaingia na kutoka kama nzige, na hakuna aliyejua lipi ni la nani. Katikati ya hasira hiyo tukatokea sisi, mchana kweupe, na matairi yetu.

Ukapigwa mwano, ule ukelele wa hatari ambao kila kaya lazima iuitikie, atakayebaki ndani atozwe faini. Walitushusha garini. Mmoja akachungulia kwenye bodi. "Damu! Wamechinjia humu!"

"Ya mzazi hiyo," mzee akasema. "Nilimpeleka mama hospitali."

"Tangu lini ngosha, mwanamume mzima, ukawa mkunga?"

Fimbo ya kwanza ilimpata mdomoni, akatema meno. Ya pili ilivunja mkono wake, nami nilisikia mfupa ukikatika kama kuni kavu. Nilikinga kichwa, jiwe likanipata kidole. Mwanamume mmoja aliyevaa fulana ya kwaya alikuja mbio toka nyuma na mpini wa jembe, akampiga mzee jichoni, na jicho lile halikuona tena mpaka juzi alipofumba yote mawili. Kisha nikaona kijana anaingiza mpira kwenye tangi letu, anafyonza petroli yetu wenyewe ili watuchome nayo. Nilijikojolea, na sioni sababu ya kuficha.

Lakini mwano huita kila mtu, na hilo ndilo lililotuokoa. Yule mama alikuja naye, kichanga mgongoni. Alipiga kelele, hakuna aliyemsikia. Basi akamfungua mtoto, akampa jirani yake, akapanda kwenye bodi na kulala chali juu ya doa lile, kichwa penye kichwa na miguu penye miguu. Waliokuwa karibu walinyamaza kwanza, kisha wa nyuma yao. "Damu ni yangu," akasema. "Kama mnachoma, anzeni na mimi." Kijana akauachia mpira, petroli ikamwagika mchangani. Watu wakatawanyika mmoja mmoja, wengine wakinawa mikono kwenye dimbwi njiani. Hakuna aliyeshitakiwa. Magazeti yetu yana jina tamu la watu hao, wananchi wenye hasira kali. Wahenga walisema hasira hasara, lakini hawakutuambia hasara ya nani.

Alipopona, kila mtu alimshauri ang'oe zile mbao atie plastiki, zile nyeusi za kutandika bodi zilizokuwa zimeanza kuletwa. Nilimsindikiza hadi Mwanza. Muuzaji alimwaga soda juu ya plastiki, akafuta kwa kitambaa. "Ona mzee, umwage chochote, hakibaki kitu." Mzee akaweka kiganja chake kibovu, kikateleza. "Kumbe ningekuwa na hii wasingenigusa," akasema. Nikamwambia anunue basi, twende zetu. Akamgeukia muuzaji. "Na wezi wa ng'ombe wananunua ipi?" Muuzaji akacheka, akaona mwenzake hacheki. "Hii hii, mzee. Inaosheka." Tukatoka mikono mitupu. Nilimwona mpumbavu na nikamwambia hivyo ndani ya basi. "Yule mayu, mama tuliyempeleka hospitali, alijishika wapi njia nzima?" akaniuliza. "Kwenye ufa wa mbao. Nilipoosha nilikuta kucha yake humo."

Nilikwenda kuzika. Pikapu yake ilikwisha kuuzwa chuma chakavu, hivyo jeneza lilipakiwa kwenye pikapu mpya ya kukodi, bodi plastiki tupu. Kila shimo jeneza liliteleza mbele likagonga, likarudi nyuma likagonga mlango. Sisi tuliofuata nyuma tulisikia kila kishindo, na bado tuliimba. Aliyeongoza wimbo alikuwa yule yule wa fulana ya kwaya, sasa mzee wa heshima, hana alama hata moja mwilini. Ndipo bibi mmoja akaamuru gari lisimame. Akapandishwa kwa shida, akaketi, akalikumbatia jeneza na kukaza visigino kwenye ukuta wa bodi. Nilimtambua, yule wa kichanga mgongoni. Kiongozi wa wimbo naye alimtambua, maana aliukata wimbo katikati ya ubeti. Tulikwenda hadi makaburini, na jeneza halikugonga tena.

Tangu miaka ile tumenunua vitu vingi vinavyoosheka upesi, na sisi wenyewe tukajifunza kuosheka. Tunapiga, tunanawa, tunakwenda kuimba. Mnaonunua magari, chagueni mtakavyo, lakini kabla ya kulipa laleni humo chali kidogo mtazame kama kuna pa kujishika. Mimi siku yangu ikifika, nitafutieni gari lenye mbao.