Pinki ya Sabuni

Mara ya kwanza kuingia nyumbani kwa mkwe wangu nilipewa kikombe cha maji ya moto, kifuko cha majani kikielea juu, na biskuti moja. Moja. Mimi nimelelewa Wundanyi, kwenye milima ya Taita, ambako wageni wakija kwa mambo ya posa hata kuku wanajua kwamba leo si siku ya kuzurura uani. Niliyanywa yale maji. Nilitabasamu. Binti yangu alinitazama kwa jicho la kuniomba nisifungue mdomo, na kwa nusu saa nzima sikuufungua.

Namwita mkwe kwa sababu mwanawe alikuwa amemchumbia binti yangu. Ni mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, anakaa Milima ya Bluu, huko juu ambako Sydney imekwisha na baridi imeanza. Alitupokea akiwa amevaa buti za mpira, kucha zimejaa udongo, mbwa wawili wakinusa kitenge changu cha kutokea. Mezani aliweka maua matano makubwa ndani ya chupa ya jemu ambayo lebo yake haikubanduka vizuri. Peoni, alisema. Nyuma ya nyumba alikuwa na safu na safu za hizo peoni, na zote, kwa macho yangu haya mawili, zilikuwa pinki. Wala si pinki ya kitenge cha maana. Pinki ya sabuni ya kuogea.

Nikasema, kwa adabu tu, kwamba nami ningependa kupanda. Akacheka. Hakucheka vibaya, lakini alicheka.

"Siyo Rooty Hill, love," alisema, kwa kile Kiingereza cha polepole wanachowawekea wazee na wageni. "Huko chini ni joto mno. Hazitachanua."

Huko chini. Nilishuka na maneno hayo kwenye treni, kituo baada ya kituo, na nilipofika kwangu Rooty Hill nilikuwa nimeshaamua kwamba peoni zitachanua kwangu hata kama itabidi nizinunulie koti.

Niseme kilichokuwa moyoni, maana wakati ule nilikiita kwa majina mengine yote. Niliogopa. Huyu ni mtoto wangu pekee. Baba yake alibaki Nairobi, na katika maandishi haya nitamwacha hukohuko. Nimemlea peke yangu kwa zamu za hospitali, ndani ya nyumba ya matofali iliyo mwendo mfupi kutoka stesheni, na sasa nilikuwa namwona akipanda mlima. Krismasi itakuwa huko juu. Wajukuu watajifunza kutembea huko juu, na wale mbwa. Mimi nitakuwa bibi wa huko chini, wa kutembelewa Jumapili kwa saa mbili. Nilitaka jambo moja tu: siku ya harusi, mbele ya ukoo wote ule, binti yangu ashike maua yaliyotoka kwenye udongo wangu.

Na kama ni peoni, basi zisiwe za kila mtu. Niliagiza katalogi ya wakulima wa maua, nikaisoma jikoni kila nilipotoka kazini, miwani puani, kama mtu anayesomea mtihani. Majina ya aina zenyewe yalikuwa kichekesho kitupu, mengine kama ya farasi wa mashindano, mengine kama ya malkia waliokufa zamani. Ukurasa wa pinki niliufunga kwa kibanio cha nguo ili usinipotezee wakati. Nilichuja mwezi mzima, nikabaki na tatu. Ya kwanza ilikuwa nyekundu iliyokolea hadi kukaribia weusi, rangi ya zambarau iliyoiva. Ya pili ilikuwa rangi ya siagi, yenye doa jekundu katikati kama mtu aliyejikata akipika. Ya tatu ndiyo iliyoniteka: inafunguka ikiwa rangi ya embe bivu, na kila siku inapungua kidogo, mpaka mwishoni inakuwa rangi ya maziwa. Ua moja, rangi nne. Hapo nikajiambia, mkwe na chupa yake ya jemu ataona.

Wenzangu wa kanisani hawakunielewa, na sikuwatarajia waelewe. Hawa ni watu wanaoweka maua ya plastiki sebuleni na kuyapangusa vumbi kila Jumamosi. Mmoja aliniuliza kama peoni inapikwa. Binti yangu naye, niliyemwonyesha picha zote tatu, alitupia jicho katalogi kisha akarudi kwenye simu yake. Huyu mtoto anaelewa Kiswahili chote, hata kile cha matusi, lakini tangu aanze shule hajawahi kunijibu kwa lugha hiyo.

"Pink is fine, Mum," alisema. "I like pink."

"Hujui unachopenda," nikamwambia.

Mizizi ilifika mwezi wa sita, huku ndipo baridi inapoanza, ndani ya boksi, imefunikwa na maranda ya mbao. Niliifungua nikacheka mwenyewe. Mihogo mikavu! Vitu vyenye majina ya kimalkia, kumbe ni mihogo mikavu yenye vichipukizi vyekundu kwa juu. Pamoja nayo kulikuwa na karatasi ya maelezo, imeandikwa pande zote mbili. Mimi, binti wa mkulima, niliyepanda viazi vikuu kabla sijajua kuandika jina langu, nielekezwe na karatasi namna ya kufukia mzizi? Niliitandika kwenye droo ya visu, ambako angalau ingefaa kitu. Kisha nikachimba mashimo matatu mbele ya nyumba, ya kufika kiwikoni, nikatia samadi, nikashindilia vizuri. Mzizi unataka kina. Hilo kila mtu wa kwetu analijua.

Baridi nayo nikaitafutia dawa. Kama tatizo ni joto, si kuna barafu? Asubuhi nikitoka zamu nilipitia kituo cha mafuta, nikanunua mifuko ya barafu, nikaimwaga juu ya mashimo. Nilifanya hivyo Julai nzima na Agosti yote. Jirani yangu, mama Mkongo kutoka Bukavu anayefanya kazi kwenye ghala la chakula, alikuwa anapalilia sombe yake upande wa pili wa ua wa mbao. Ndiyo, sombe, muhogo wa kuliwa majani, mbele ya nyumba, pale ambapo watu wastaarabu huweka nyasi. Alinitazama wiki ya kwanza bila kusema. Wiki ya pili akashindwa.

"Mama, uko unatia barafu ku maua?"

"Zinataka baridi."

"Ile maua iko na homa?"

Nikamwaga mfuko wa pili. Mtu anayepanda mboga barabarani utamweleza nini kuhusu urembo?

Septemba ilipita. Kwenye mashimo yangu kulikuwa na matope. Mkwe alikuwa akipiga simu kuhusu keki na viti, na kila mara, kabla ya kukata, aliuliza peoni zinaendeleaje. Nilimwambia zinakuja vizuri. Nilimwambia zimetoa majani. Siku moja, Mungu anisamehe, nilimwambia ile ya rangi ya siagi ina vichwa vinne vya maua. Nikamtajia na zile nyingine mbili, rangi moja moja, polepole, kwa Kiingereza kile chake. Akasema ana hamu ya kuziona. Nilikata simu nikiwa na furaha kubwa kabisa, na ardhi mbele ya dirisha langu ilikuwa tupu.

Wiki ya mwisho ya Oktoba, harusi ikiwa Jumamosi inayofuata, nilikuwa nimechuchumaa pale nikiyatazama matope. Yule jirani akazunguka ua wa mbao, akaja na kijiti cha kupandia. Hakuomba ruhusa. Akapiga magoti, akachokonoa taratibu, akachimba, akachimba tena. Mkono ulizama mpaka karibu na kiwiko ndipo akagusa kitu. Akafukua kwa vidole, akanionyesha. Mzizi ulikuwa hai. Vile vichipukizi vilikuwa vimerefuka, vyeupe kabisa, vimejipinda vikitafuta njia ya kutokea, na bado vilikuwa na safari ndefu.

"Eh, mama," alisema kwa upole. "Hii haukupanda. Ulizika."

Nilikwenda kwenye droo ya visu. Karatasi ilikuwa na madoa ya kitunguu lakini ilisomeka. Vile vichipukizi wanaviita macho. Macho yakae karibu na uso wa udongo, ilisema, yasizidi vidole viwili, la sivyo mmea hautachanua. Na chini kabisa waliongeza kwamba hata ukipanda vizuri, mwaka wa kwanza usitegemee ua. Nilisimama jikoni na hiyo karatasi muda mrefu. Mimi mwenye macho ya kuchagua. Mimi niliyecheka chupa ya jemu. Mpumbavu mkubwa wa Rooty Hill nzima alikuwa amesimama jikoni kwangu.

Mtu mwenye akili angepiga simu akasema ukweli. Mimi Ijumaa alfajiri niliendesha gari mpaka soko la maua, upande ule wa Auburn, kutafuta rangi ya embe, rangi ya siagi, au rangi ya zambarau. Nilizunguka meza zote. Peoni zilikuwepo meza moja tu, ndoo moja tu, na muuzaji akaniambia nina bahati kwa sababu ndizo za mwisho. Nafikiri msomaji ameshajua zilikuwa rangi gani.

Nilizinunua. Niliziweka kiti cha pembeni kuelekea nyumbani, pinki ya sabuni, mafungu mawili. Asubuhi ya harusi nilizifunga utepe mweupe, nyumba imejaa wanawake, kila mmoja ananiita kuniuliza pini iko wapi. Nikampa binti yangu.

"Kutoka bustanini," nikasema.

Alizipokea. Alitazama dirishani, pale palipo na mashimo yangu matatu, halafu akazitazama zile peoni.

"They're pink," alisema.

"Zilitoka hivyo."

Alizinusa, akafumba macho, tukaondoka.

Kanisa lilikuwa Penrith. Ibada sikuisikia. Nilikuwa nahesabu hatua kati yangu na mkwe, aliyekaa benchi la kwanza upande wa pili, amevaa gauni la kijivu, kucha safi kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Tulipotoka nje kupiga picha alikuja moja kwa moja. Mwanamke yule amelima hiyo pinki miaka mingi, angeijua hata gizani kwa kuishika tu. Aliinama juu ya maua yaliyokuwa mikononi mwa binti yangu, akageuza ua moja kwa kidole, akatazama upande wa nyuma. Kisha akanitazama mimi.

"Ni ipi hii," aliuliza, "kati ya zile tatu?"

Nilitazama viatu vyangu. Mimi ambaye sijawahi kukosa neno, si kwa daktari, si kwa mchungaji, si kwa baba yake yule mtoto. Nilijisikia mdogo, nikatamani aseme tu, amalize.

"They all came out pink," binti yangu akadakia, anacheka. "Mum was so angry."

Mkwe aliliachia lile ua. Halafu akaniwekea mkono begani.

"Mwaka wa kwanza hufanya hivyo wakati mwingine," alisema. "Rangi hukosea. Ni nzuri sana. Kupata ua mwaka wa kwanza, huko kwako! Mimi sikuwahi."

Nilikuwa nimesoma katalogi nzima, ukurasa kwa ukurasa. Peoni haikosei rangi, si mwaka wa kwanza wala wa kumi. Mwongo mkubwa, yule mama, na alidanganya bila kupepesa jicho, kwa ajili yangu. Nilimshukuru kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua. Sijawahi tena kusema lolote kuhusu chai yake.

Tulipoingia garini kwenda ukumbini, binti yangu na mimi nyuma, bwana harusi mbele na dereva, nilianza kumweleza. Nilifika kwenye neno soko, sikuendelea. Alivuta bangili zake juu kidogo. Chini yake, kwenye ngozi, kulikuwa na raba ya buluu, ile wanayofungia mafungu ya maua sokoni, na kikaratasi chenye jina la shamba bado kinaning'inia. Katika haraka yangu nilikuwa nimefunga utepe juu yake nikaiacha.

"Niliitoa kanisani, mama," alisema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili. "Kabla hajaja."

Nilinyoosha mkono anipe niitupe. Akakataa kwa kichwa. Alizishusha bangili zikaifunika, akashuka garini nayo, na ukumbini akacheza muziki nayo mkononi mpaka mwisho.