Kamba Isiyokaushwa

Baba alikuwa fundi wa tanga la mashua, na aliishi katikati ya mashamba ya chai, mbali na ziwa. Babu ndiye aliyemfundisha huko ufukweni. Kazi ya kuchuma chai ilimleta Kericho, lakini sindano hakuiacha. Baba mdogo, aliyebaki ziwani na mashua, akihitaji tanga alituma uzi wenye mafundo ya vipimo, na Baba akakata kitambaa cha marekani kwenye sakafu ya nyumba yetu katika kambi ya wachuma chai. Sisi tulikula nje.

Kambini kuna ukungu, na mvua karibu kila alasiri. Kwa hiyo kamba inayoshonwa kwenye ukingo wa tanga ilitundikwa kwanza juu ya jiko mpaka ikauke kabisa. Kamba ya katani iliyolowa hujivuta na kuwa fupi. Ukiishona hivyo, ikifika kwenye jua la ziwa inalegea, na kitambaa kinabaki kubeba upepo peke yake.

Baba aliugua, akafariki akiwa amebakisha upande mmoja wa tanga. Kaka yangu akachukua sindano amalizie, tulipeleke ziwani pamoja na mwili. Mvua ilikuwa inanyesha.

"Kausha kamba kwanza," nilimwambia.

"Kwani ni omena wa kuanika?" Akacheka. "Dada, gari linatoka kesho asubuhi. Wewe angalia chai ya wageni." Akaishona ikiwa imelowa.

Tulipofika nyumbani kwetu ziwani, baba mdogo alilipandisha tanga lile akawachukue waombolezaji kisiwani. Hakufika. Lilipasuka upande ule ule alioushona Kaka, akarudi kwa kupiga kasia. Alikuja mpaka uani, nguo zikimchuruzika maji, akatuwekea marekani iliyochanika miguuni.

"Mkono wa mzee ulikuwa umekwisha nguvu," Kaka akasema, akiangalia chini.

"Umeshona wewe!" nilisema, watu wote wakisikia.

Mama akanishika kifundo cha mkono. "Nyamaza, mwanangu. Usimwaibishe ndugu yako kwenye msiba wa baba yenu."

Hakuna aliyeniuliza zaidi.

Kaburini baba mdogo alipewa nafasi ya kusema. Alilia. Alisema ndugu yake alimshonea vizuri maisha yake yote, na hili tanga la mwisho liliharibiwa na ugonjwa, wamemsamehe. Watu wakaitikia Amina. Kaka aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Baba akashushwa akiwa amesamehewa kosa la mwanawe. Kaka sijamsamehe, wala sijaribu.